Mwanafunzi wa Akiba Namba Tatu

Barua ilipenyezwa mlangoni Jumatano moja ya Julai, mwaka 1984, Dafrosa akiwa kazini. Aliporudi kutoka zamu ya asubuhi aliikuta sakafuni, bahasha ya kahawia yenye kidirisha, na jina lake likichungulia humo. Hakuifungua. Alivua viatu, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko kama alivyofanya kila atokapo kwa wazee, akaweka maji ya chai jikoni, ndipo akakaa.

Alikuwa na miaka thelathini na minne. Kwa miaka saba alikuwa msaidizi katika nyumba ya kutunzia wazee huko Spånga, pembezoni mwa Stockholm, mwendo mfupi wa basi kutoka Tensta alikoishi. Aliwaogesha, akawalisha, akawageuza vitandani wasipate vidonda. Zamani, nyumbani Bukoba, alikuwa msichana wa zahanati ya misheni. Yeye ndiye aliyesimama barazani na daftari kuita majina ya wajawazito waliokuja kupimwa. Cheti chake cha kazi ile kilikuwa na mhuri wa misheni na sahihi ya sista mkuu; ofisi za Stockholm zilikitazama kwa heshima, zikamrudishia. Akitaka kuwa mkunga hapa, alielezwa, lazima kwanza awe muuguzi. Na akitaka kuwa muuguzi, aanze na hesabu, kemia na Kiswidi katika masomo ya jioni ya watu wazima. Alianza. Ilimchukua miaka minne.

Chuo alichokitaka kilikuwa kimoja tu, kile kilichopakana na hospitali alikojifungulia binti yake, Leokadia. Wakati ule alikuwa hana hata mwaka nchini, amemfuata mumewe Zephania aliyeletwa kujifunza ufundi wa mitambo, na Kiswidi chake kilikuwa maneno ya dukani tu. Mkunga aliyemshughulikia hakuwa na lugha ya kuzungumza naye. Alimshika kisigino, akawa anaimba kwa sauti ya puani, polepole, kama mtu anayepiga pasi nguo zake mwenyewe. Asubuhi, mtoto akiwa kifuani, Dafrosa aliwaona dirishani wanafunzi wa chuo wameketi kwenye ngazi na aproni zao za buluu, wanakula matofaa juani. Tangu siku hiyo alijua anataka kukaa kwenye ngazi zile. Hakumwambia mtu kwa miaka mitano.

Alifungua bahasha. Alisoma mara mbili, kisha akamwita Leokadia, mwenye miaka tisa, asome naye.

"Det står att du är reserv, mamma," Leokadia alisema. "Nummer tre."

"Sema kwa Kiswahili."

Mtoto akafikiri. "Wa akiba, namba tatu. Hujapata. Lakini hujakosa."

Zephania aliporudi jioni alisoma barua akiwa bado amevaa koti. "Mchezaji wa akiba," akasema. "Basi tuombe watatu wavunjike miguu, mama Leoka, uingie uwanjani." Aliona uso wa mkewe, akaikunja barua taratibu na kuirudisha mezani. "Nisamehe. Ulimi tu."

Lakini alikuwa amelitaja jambo lenyewe. Kukataliwa kuna mwisho. Mtu hulia, akakunja matumaini yake, akayaweka pale anapoweka nguo za marehemu. Hili lilikuwa na mlango ulioachwa wazi kidogo, na mwanga ukipenya. Nafasi zilikuwa sitini na zote zilikuwa na wenyewe. Ili yeye aingie, watu watatu aliokuwa hawajui kwa sura walitakiwa wabadili nia, au waugue, au wapate mahali pengine pazuri zaidi. Jumapili, kanisani, alipopiga magoti aligundua kwamba hajui aombe nini. Kila sala aliyoianza ilimfikisha kwenye kiti cha mtu mwingine. Akasali Baba Yetu, akainuka.

Kulikuwa na jambo moja zaidi. Jovia hakupiga simu.

Jovia Nakabugo alikuwa mwenzake wa dawati katika masomo ya jioni, msichana wa Uganda mwenye miaka ishirini na mitatu. Baba yake alikimbia nchi, na Jovia akakulia Nairobi kabla familia haijafika Fisksätra, upande wa pili wa Stockholm, kwa hiyo Kiswahili chake kilikuwa cha Nairobi, cha haraka, chenye viwiko. Alijua hesabu, Dafrosa alijua Kiswidi cha kuandika. Kila mmoja alimvusha mwenzake. Na Jovia alikuwa na tabia moja ambayo walimu hawakuielewa: hakuingia darasani kabla ya Dafrosa. Alimngoja nje ya lango, hata theluji ikianguka, mikono kwapani, kwa sababu huwezi kumwacha mkubwa wako nyuma ukaenda kukalia kiti. "Ingia tu upate joto," Dafrosa alimwambia mara nyingi. "Niingie kama yatima?" Jovia alijibu.

Waliomba chuo kimoja, siku moja, fomu zao zikiwa katika bahasha mbili walizozilamba wakicheka. Siku tisa baada ya barua, Jovia alipiga.

"Dada Dafro."

"Umepata," Dafrosa alisema.

"Nani amekuambia?"

"Siku tisa hujapiga. Ungekosa ungekuja kulia hapa kwangu siku ile ile."

Jovia alicheka kidogo, kisha akaanza kulia. "Mimi naona aibu. Wewe ndiye ulinifundisha kuandika ile barua ya maombi. Kila sentensi."

"Acha upuuzi. Nimefurahi." Na alifurahi kweli, sehemu fulani. Alipoweka simu chini alisimama ukumbini muda mrefu, akitazama makoti yaliyotundikwa.

Mwanzoni mwa Agosti shemeji yake, Severin, binamu wa Zephania, alikuja kutoka Skärholmen akiwa amevaa suti. Severin aliamini kwamba hakuna ofisi isiyokuwa na mtu ndani yake, na mtu hana budi kuamkiwa.

"Umeandika, umeandika," alisema. "Karatasi hazina macho, shemeji. Wamekuona wapi? Twende wakuone. Mimi nitasema, wewe utanyamaza."

"Huku hawaendi hivyo, shemeji Severin."

"Ndiyo maana wanaishi wapweke. Vaa viatu."

Walienda. Mwanamke wa ofisi ya usajili, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, aliwapa viti. Severin alisimulia ukoo wa Dafrosa, zahanati ya misheni, sista mkuu, kisha akatoa mfukoni kikasha kidogo cha ukindu, akakifungua na kukinyoosha kwa mikono miwili. Ndani mlikuwa na punje za kahawa za kutafuna, zilizochemshwa na majani na kukaushwa, ambazo Bukoba hupewa mgeni kabla ya neno lolote. Yule mwanamke aliinusa.

"Niisage?" aliuliza.

"Tafuna," Severin akasema.

Alichukua punje moja, akaitafuna, macho yakamtoka. Kikasha akakirudisha kwa upole, akisema kazi yake haimruhusu kupokea zawadi, lakini punje moja si zawadi. Kisha akamgeukia Dafrosa, siyo Severin.

"Mimi siwezi kusogeza namba ya mtu. Hakuna awezaye. Lakini njoo siku ya kuitwa majina. Tarehe ishirini na saba, saa tatu asubuhi. Mtu wa akiba ana haki ya kukaa nyuma ukumbini. Ninaita kila jina mara tatu. Asiyeitika nafasi yake imekwenda, na ninaanza kuwaita wa akiba waliomo ndani. Waliomo tu."

Njiani kurudi Severin alikuwa mshindi. "Umeona? Karatasi ingekuambia hayo?"

Yalikuwa yameandikwa nyuma ya barua, kwa herufi ndogo. Dafrosa hakumwambia.

Jumapili, tarehe ishirini na sita, Jovia alipiga tena. "Kesho tukutane pale mlango wa stesheni, karibu na chuo. Saa mbili na nusu. Mimi siingii huko bila wewe, dada. Hata waniite vipi."

"Haya," Dafrosa alisema.

Asubuhi alipanda treni ya chini ya ardhi akiwa amevaa gauni la kanisani na koti la mvua. Alipofika katikati ya mji alipaswa kubadili treni na kwenda kushuka kwenye stesheni ile. Alisimama jukwaani, treni ikaja, milango ikafunguka. Akamwona Jovia kwa fikra, amesimama na uso wake ulioosheka, akija kumshika mkono. Akajiona wanaingia pamoja ukumbini, halafu mmoja anaelekea viti vya mbele na mwingine viti vya nyuma, wakiachana mikono mbele ya watu wote. Milango ikafungwa. Alipanda ngazi mpaka barabarani, akachukua basi lililopita upande wa hospitali, akakata uwanja na kuingia ukumbini kwa mlango wa nyuma.

Hakupanga ubaya. Hilo alilirudia sana baadaye, na lilikuwa kweli. Alidhani Jovia angengoja dakika kumi, kisha angeingia. Lakini alikuwa amekaa naye dawati moja miaka mitatu.

Ukumbi ulinukia nta ya sakafu. Nyuma kulikuwa na viti sita vyenye vikaratasi vya namba. Kwenye cha kwanza alikaa kijana mwenye ndevu nyekundu, akitikisa goti. Cha pili kilikuwa kitupu na kilibaki kitupu. Dafrosa akakaa cha tatu. Mbele, migongo ya watu waliopata, nywele za rangi ya mchanga, vicheko vya watu wanaoanza kujuana. Aliutafuta mgongo wa Jovia safu kwa safu. Saa tatu kamili milango ilifungwa na yule mwanamke wa miwani akafungua orodha.

Majina yalipita haraka. Kwenye herufi ya tano mtu mmoja hakuitika, mara moja, mara mbili, mara tatu. Kalamu ikapita juu ya karatasi, na kijana wa ndevu nyekundu akaitwa. Akaenda mbele akijikwaa kwenye miguu ya watu. Sasa akiba wa kwanza alikuwa ameingia, wa pili hayupo. Dafrosa alielewa hesabu hiyo bila kutaka kuielewa. Pengo lolote litakalotokea sasa lilikuwa lake.

"Nakabugo, Jovia."

Hakuna.

Ukumbi ulikuwa kimya, ule ukimya wa adabu wa watu wasiojua chochote. Dafrosa alitazama mikono yake. Alijua Jovia yuko wapi kama ajuavyo chumvi iko wapi jikoni kwake. Yuko mlangoni pa stesheni, anatazama kila uso mweusi unaopanda ngazi.

"Nakabugo, Jovia."

Kule Bukoba, barazani na daftari lake, aliita majina asubuhi nzima. Mwanamke aliyekuwa amekwenda kuteka maji, au kulala kivulini kwa uchovu wa mimba, hakupoteza zamu. Aliyeketi karibu naye ndiye aliyeitika: yupo, anakuja. Ndivyo ilivyokuwa, na hakuna aliyekuwa ameiandika popote. Ilitokea siku moja mwanamke wa nyuma akakaa kimya makusudi ili zamu imfikie. Wenzake hawakumtukana. Walisogea tu, wakamwachia benchi lote peke yake. Dafrosa alikuwa na miaka kumi na minane na alimwandika kwenye daftari kama wengine, lakini mpaka leo aliukumbuka uso ule.

Mwanamke wa miwani alivuta pumzi kuita mara ya tatu. Dafrosa akasimama. Kiti kilipiga kelele sakafuni.

"Hon kommer," alisema. "Anakuja. Yuko stesheni."

Vichwa sitini viligeuka. Yule mwanamke aliinua miwani, akamtazama, kisha akaangalia karatasi yake, kisha akamtazama tena. Alikuwa amemkumbuka.

"Wewe ni namba tatu," alisema polepole. "Unaelewa jina hili likikosa mtu linakwenda kwa nani?"

"Naelewa."

"Na unajuaje yuko stesheni?"

"Ananingoja mimi."

Kalamu ilikaa hewani. "Nimebakiwa na majina ishirini na kitu," yule mwanamke akasema. "Akiwa ndani kabla sijafunga orodha, nafasi ni yake."

Dafrosa alikimbia. Hakuwa amekimbia hivyo tangu utotoni. Koti lilimpiga magotini, begi likamteleza begani, mwanamume mwenye mbwa akasogea pembeni kumpisha. Jovia alikuwa palepale Dafrosa alipojua atakuwa, ameshika mfuko wa nailoni wenye chupa ya chai na vikombe viwili.

"Dada! Nilifikiri treni—"

"Kimbia."

"Lakini wewe umetokea upande gani?"

"Jovia, kimbia!"

Waliingia jasho likiwatiririka, yule mwanamke akiwa kwenye zile herufi za mwisho kabisa za alfabeti yao. Hakuinua kichwa. Alimaliza jina lililobaki, akarudi juu kwenye orodha kwa kidole. "Nakabugo."

"Nipo," Jovia akasema kwa Kiswahili, akajisahihisha, na watu wakacheka kwa wema. Alikwenda mbele. Orodha ikafungwa. Hapakuwa na pengo lingine.

Walioachwa akiba waliambiwa wanaweza kupigiwa simu ndani ya wiki mbili, mtu akiacha. Kwa hiyo Dafrosa alikuwa na wiki mbili za simu. Aliisogeza kutoka ukumbi wa nyumba mpaka jikoni, waya ukivutwa kama kamba ya mbuzi. Leokadia alikatazwa kuzungumza na marafiki zaidi ya dakika tano. Severin alipiga kila siku kuuliza kama wamepiga, mpaka Zephania akamwambia, "Ndugu yangu, kila ukipiga wewe, wao wanakuta mstari una mtu," na Severin akakaa kimya siku tatu kwa mara ya kwanza maishani mwake. Kazini, Dafrosa akimsuka nywele bibi mmoja aliyekuwa mwalimu wa shule, bibi aliuliza mbona leo vidole vyake vina hasira. Alijibu kwamba ni baridi. Ilikuwa Septemba, jua likiwaka.

Jumamosi ya wiki ya pili Jovia alikuja Tensta na ndizi mbichi. Zilikuwa ndizi za kawaida tu za kuiva; muuza duka alimuuzia kabla hazijageuka manjano. Lakini zikimenywa na kupikwa vizuri, mtu wa Bukoba na mtu wa Buganda wangeweza kukubaliana kudanganyika. Walijipaka mafuta mikononi, wakaanza kumenya.

"Yule wa ndevu ameniambia," Jovia alisema. "Nani alikuwa anafuata baada yake. Ni wewe."

"Ni mimi."

"Na ukasimama."

"Usinishukuru."

"Nisikushukuru vipi? Nimebeba ndizi kutoka Slussen."

Dafrosa aliweka kisu chini. "Nilipita mlango wa nyuma, Jovia. Sikuchelewa na sikusahau. Sikutaka kuingia na wewe."

Jovia aliendelea kumenya ndizi iliyokuwa mkononi mpaka ikaisha, akaitumbukiza kwenye maji.

"Alipoita mara ya kwanza, ulijua niko wapi?"

"Nilijua."

"Mara ya pili?"

"Nilijua."

Kutoka chumbani ilisikika sauti ya Leokadia akiimbia mwanasesere wake kwa Kiswidi. Jovia akachukua ndizi nyingine, akaigeuza, akairudisha.

"Nilisimama pale dakika arobaini," alisema, "na mkojo umenibana. Unasikia? Umenibana! Nikasema siendi choo, dada atapita asinione. Kumbe dada amekaa kwenye kiti."

Dafrosa hakujua kama anaruhusiwa kucheka. Alicheka hata hivyo, kisha akafunika uso kwa kiwiko kwa sababu mikono ilikuwa na utomvu, na mabega yakatikisika, na hakikuwa kicheko tena. Jovia hakumkumbatia. Alimaliza kumenya, akabandika sufuria, wakala na Zephania na mtoto bila maneno mengi, akaondoka mapema. Hakuja tena mpaka Oktoba.

Simu ya chuo haikupigwa.

Oktoba Jovia alikuja na daftari. Alikuwa ameandika mihadhara yote ya mwezi kwa karatasi ya kaboni, nakala ya chini ikiwa ya buluu na hafifu. "Hii ni yako," alisema, bila kukaa. "Kemia yako ndiyo iliyokuangusha. Fanya tena mtihani. Na usiniletee uso huo." Majira yote ya baridi walikaa jikoni Tensta jioni mbili kwa juma, wakigombana juu ya asidi na chumvi. Mambo yao hayakurudi kama yalivyokuwa. Jovia alipomaliza kueleza jambo, mara nyingine alimwangalia dada yake kwa kitambo, kama mtu anayepima tena kipimo alichokwisha kupima. Dafrosa aliuvumilia mtazamo huo. Alijua umetoka wapi.

Mwaka uliofuata barua ilikuja na neno moja tu la maana, na halikuwa la akiba. Severin alichinja kuku wawili na kudai ni zile punje za kahawa.

Siku ya kuitwa majina, Jovia, sasa mwanafunzi wa mwaka wa pili, alikuwa mlangoni pa stesheni saa mbili na nusu, aproni ya buluu ikionekana chini ya koti. Dafrosa alishuka kwenye treni, si kwenye basi. Walitembea pamoja mpaka mlango wa ukumbi. Jovia akamwacha hapo.

Alikaa safu ya tatu. Mwanamke wa miwani alifungua orodha, akaanza. Kwenye herufi ya L aliita Lindqvist, na hakuna aliyeitika. Aliita tena. Ukimya ule ule, wa adabu.

Dafrosa aligeuka kutazama nyuma. Kwenye kiti cha akiba alikaa mama mmoja wa makamo mwenye koti la kijani, ameshika mpini wa mkoba kwa mikono miwili, macho yakiwa sakafuni. Dafrosa hakumjua Lindqvist wala hakujua yuko wapi. Hakuweza kumwitikia. Alibaki amegeuka hivyo, shingo ikimuuma, akingoja pamoja na yule mama jina liitwe mara ya tatu.